Usiku wa Jalidi

Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna majira ya baridi kwa maana wanayoijua watu wa mbali, kusini au kaskazini mwa dunia. Tuna kipupwe. Masika yakiisha upepo hugeuka, asubuhi huwa za baridi, na watu wa milimani hutoa makoti sandukuni. Kule Makete na Njombe huonekana jalidi, yaani umande ulioganda ukawa mweupe juu ya majani, na wakulima wa huko wanaijua hasara yake. Lakini kwetu Kilimanjaro, katika ukanda wa migomba na kahawa, kipupwe ni ukungu na mawingu yanayoufunika mlima siku nyingi bila jua kuonekana. Kahawa huchelewa kukauka vichanjani, wazee hukohoa, na moto wa jikoni hauzimwi. Sijapata kusikia kwetu mtu aliyelala na shamba zima, akaamka hana kitu kwa sababu ya baridi.

Hata hivyo mimi nilisomeshwa, kwa sehemu, na baridi. Haikuwa baridi ya kwetu, bali ya usiku mmoja wa mwezi Julai mwaka 1975 katika jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili. Nimesoma habari za usiku huo kwa miaka mingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba huwa tunasimuliwa nusu yake. Husemwa kwamba hali ya hewa iligeuka ghafla, ikaharibu maisha ya watu. Hilo ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba baridi iliua miti. Yaliyofuata katika kila nyumba, ya huko na ya huku, yaliamuliwa na watu.

Kaskazini ya Paraná ni nchi ya udongo mwekundu wenye rutuba nyingi. Hadi miaka ya 1920 sehemu yake kubwa ilikuwa msitu. Kampuni ya Waingereza ilinunua eneo kubwa huko, ikapitisha reli, na kuikata ardhi katika mashamba madogo madogo yaliyouzwa kwa malipo ya polepole. Mji wa eneo hilo uliitwa Londrina, kwa kuikumbuka London, na ulipewa hadhi ya manispaa mwaka 1934. Wakaja Wabrazili kutoka São Paulo, Minas Gerais na kaskazini-mashariki, wakaja pia Wajapani, Waitaliano na Wajerumani. Walifyeka msitu, wakapasua mbao za mti uitwao peroba, wakajenga nyumba zenye kuta za mbao na paa la vigae. Karibu na nyumba walitengeneza uwanja wa kuanikia kahawa. Katikati ya mistari ya mibuni, wale waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba walipanda maharage na mahindi ya chakula. Mtu wa Kibosho au Machame angefika huko asingehitaji kueleza kazi yake kwa maneno mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo hilo moja lilitoa nusu hivi ya kahawa yote ya Brazili.

Ila palikuwa na jambo moja. Mstari wa Tropiki ya Kaprikoni unapita katika eneo hilo hilo, na upande wake wa kusini hakuna safu ya milima iliyolala kuizuia hewa itokayo upande wa Antaktika. Mwezi Juni na Julai hewa hiyo hupanda kupitia Argentina. Ikikuta usiku mkavu usio na mawingu, joto la ardhi hupotea angani kama joto la chungu kilichofunuliwa, na kabla ya alfajiri maji huganda. Wakulima walilijua hilo. Walipanda mibuni juu ya migongo ya vilima na kuyaacha mabonde, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, hutiririka na kutuama mabondeni kama maji. Usiku wa hatari wengine waliwasha moto wa vitu vibichi ili moshi ulifunike shamba kama blanketi. Na bado jalidi iliwapiga mwaka 1953, ikawapiga 1955, 1963, 1966 na 1969. Kila mara walilia, wakakata mashina, wakangoja machipukizi, wakapanda upya. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba watu hawa walishtukizwa na kitu wasichokijua. Walikuwa wakicheza bao na majira, na walikuwa wameshinda mara nyingi kuliko walivyoshindwa.

Wakulima wa Brazili hutofautisha jalidi nyeupe na jalidi nyeusi. Nyeupe huonekana: asubuhi majani yamepakwa kama chumvi, na mara nyingi shina na mizizi hubaki salama. Nyeusi haionekani inapokuja. Hewa huwa kavu mno, tena aghalabu huwa na upepo, kwa hiyo hakuna umande wa kuganda juu ya jani. Kinachoganda ni utomvu ulio ndani ya mmea wenyewe. Alfajiri shamba linaweza kuonekana zima. Jua likipanda, majani hugeuka rangi, yakanyauka na kuwa meusi, kama yaliyopitiwa na moto. Moshi hausaidii, kwa kuwa upepo huupeleka.

Tarehe 17 Julai 1975 theluji ilianguka Curitiba, mji mkuu wa Paraná. Ni jambo la nadra sana huko. Watu walitoka nje, wakapiga picha, watoto wakafinyanga sanamu za theluji. Hewa ile ile iliendelea kupanda kaskazini, na usiku wa kuamkia tarehe 18 ikafika nchi ya kahawa. Halijoto ilishuka chini ya sifuri juu ya vilima na mabondeni pia, na safari hii mgongo wa kilima haukumwokoa mtu. Mamia ya mamilioni ya mibuni iliungua. Jalidi ilivuka hadi São Paulo na sehemu za Minas Gerais, lakini Paraná ndiyo iliyobeba pigo. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa yamekwisha kuiva, na sehemu kubwa ilikuwa imechumwa. Jimbo lilipata magunia zaidi ya milioni 10 ya kilo 60. Mwaka uliofuata, 1976, jimbo hilo hilo halikupata hata magunia 10,000.

Msomaji atauliza, kama nilivyojiuliza mimi: mbona mara hii hawakuinuka? Walikuwa wameinuka mara tano katika miaka isiyozidi 20. Mbuni mpya huzaa baada ya miaka mitatu au minne, na watu hawa walikuwa wamejua kungoja.

Jibu haliko katika kipimajoto. Kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya usiku ule, mambo kadhaa yalikuwa yakienda polepole bila kelele. Serikali ya Brazili, ikihofia wingi wa kahawa uliokuwa ukishusha bei, ilikuwa imewalipa wakulima katika miaka ya 1960 wang'oe mibuni na kupanda mazao mengine. Sheria ya mwaka 1963 iliwapa wafanyakazi wa mashambani haki walizostahili, lakini wenye mashamba wengi walijibu kwa kupunguza familia zinazoishi shambani na kuajiri vibarua wa siku. Mwaka 1970 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana Brazili kwa mara ya kwanza, ukaongeza gharama ya dawa. Na katika miaka ile ile soya ilipanda bei duniani, na serikali ikatoa mikopo nafuu kwa mwenye kununua trekta.

Basi usiku wa jalidi ulimkuta mwenye shamba akiwa ameshika hesabu mbili mkononi. Kahawa ilihitaji familia nyingi na miaka minne ya kungoja, na bado Julai nyingine ingekuja. Soya ilihitaji trekta moja, na ilivunwa kabla mwaka haujaisha. Baridi ilifanya kazi moja tu: ilimwondolea aibu ya kuchagua. Asubuhi ya tarehe 18 hakulazimika kusema kwamba amewafukuza watu waliolima naye miaka 20. Angeweza kusema kwamba Mungu ndiye aliyetaka.

Nyumba za mbao zilianza kuvunjwa. Palipokuwa na nyumba pakapita jembe la trekta. Watu walioishi mashambani Paraná walikuwa milioni 4.4 mwaka 1970, nao kufikia mwaka 1980 walikuwa wamebaki milioni 3.2 hivi. Wengine walihamia miji ya São Paulo na Curitiba, wengine wakaenda Mato Grosso na Rondônia kufyeka msitu mwingine, wengine wakavuka mpaka kuingia Paraguay. Wako waliobaki pembezoni mwa miji ile ile ya kahawa, wakawa vibarua wanaopakiwa kwenye malori alfajiri na chakula chao baridi mkobani, na kwa chakula hicho wakapewa jina. Kahawa mpya ya Brazili ilipandwa zaidi Minas Gerais, karibu zaidi na ikweta.

Wahenga walisema: kufa kufaana. Siku chache baada ya usiku ule, bei ya kahawa New York ilianza kupanda, ingawa maghala ya Brazili yalikuwa bado yamejaa. Wafanyabiashara walinunua hofu ya mwaka ujao. Vikaongezeka vita vya Angola, ambayo nayo ilikuwa nchi kubwa ya kahawa, na tetemeko la ardhi la Guatemala la Februari 1976. Ratili moja, ambayo kabla ya Julai 1975 haikufika senti 70 za Marekani, ilipita dola 3 ilipofika Aprili 1977. Ndipo baridi ya Paraná ilipogonga milango ya nyumba za Afrika Mashariki. Hapa pia jambo ni lile lile. Baridi ilikuwa moja, bei ya dunia ilikuwa moja, lakini kila nyumba iliipata kwa namna ambayo watu walikuwa wameiandaa.

Kenya, serikali iliacha sehemu kubwa ya bei hiyo imfikie mkulima. Katika wilaya za kahawa za mkoa wa Kati nyumba za udongo zilibadilishwa zikawa za mbao na za mawe, mabati yakang'aa vilimani, na watoto wakapelekwa shule. Hata leo wazee wa huko wanaitaja miaka ile kama watu wanavyotaja utoto wao.

Uganda mambo yalikuwa mengine. Mkulima alitakiwa kuiuza kahawa yake kwa bodi ya serikali, akapewa fedha isiyonunua kitu, wakati madukani hakuna sabuni wala chumvi. Kwa hiyo kahawa ilitembea usiku. Ilipita juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda kando ya Mlima Elgoni hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya, na watu wa pale wakatajirika kwa muda mfupi hata soko hilo likawa jina la miaka yenyewe. Serikali ya Idi Amin ilikuwa imekwisha kuunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi mwaka 1975, ambayo ingeweza kuhukumu kifo. Neno letu la Kiswahili, magendo, likawa jina la uchumi mzima wa Uganda, na wataalamu wakaliandika vitabuni bila kulitafsiri. Bei iliyomjengea mtu wa Kiambu nyumba ilimweka mtu wa Bugisu mbele ya bunduki.

Kwetu Tanzania tulikuwa katikati. Chama kikuu cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilivunjwa pamoja na vyama vikuu vingine vyote mwaka 1976, yaani kahawa ikiwa imo njiani kupanda kuliko ilivyowahi kupanda. Mahali pake ikaja mamlaka ya serikali. Bei ya mkulima iliongezeka, tena iliongezeka vizuri, lakini kodi ilichukua sehemu kubwa ya nyongeza. Taifa lilipata akiba ya fedha za kigeni, na mwaka 1977 na 1978 masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa. Akiba ikaisha. Kisha bei ya kahawa ikashuka, vita vya Kagera vikaanza Oktoba 1978, na mafuta yakapanda bei mwaka 1979. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikifa, ukafunguliwa tena Novemba 1983.

Katika nyumba yetu habari hizo kubwa zilionekana kwa udogo wake. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1976. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, nami sikuchaguliwa. Wazazi wangu walinipeleka shule ya binafsi, kama walivyofanya wazazi wengi wa Kilimanjaro, na walilipa kwa kahawa. Baba hakuwa mtu wa maneno. Jioni moja, akigeuza kahawa kichanjani ili isipigwe na ukungu, aliniambia, “Brazili wamepatwa na baridi. Kasome.” Hakusema zaidi. Aliwataja Wabrazili kama mtu anavyomtaja jirani wa ng'ambo ya mto ambaye ng'ombe wake wamekufa: kwa huruma, na kwa kujua kwamba maziwa ya soko sasa yatatoka kwake.

Maneno hayo manne ya kwanza nimekaa nayo muda mrefu. Mahali fulani Paraná palikuwa na mtoto wa umri wangu ambaye baba yake alifunga mizigo mwaka ule. Sitasema kwamba nilimnyang'anya kitu, maana si mimi wala baba yangu tuliyeleta upepo wa kusini. Lakini naona haifai kumsahau. Deni lisiloweza kulipwa linaweza angalau kutambuliwa.

Baada ya hapo nimeishi kuona mchezo huo ukirudiwa. Tarehe 26 Juni na tarehe 10 Julai 1994 jalidi mbili zilipiga Brazili kwa kufuatana, bei ikapanda haraka. Mwaka huo sheria za Tanzania zilikuwa zimekwisha kubadilika, na katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa ya mkulima. Walikuja na fedha taslimu mpaka mlangoni. Tarehe 20 Julai 2021 jalidi ilifika Minas Gerais kwenyewe, mahali ambako watu walikimbilia. Na mwishoni mwa mwaka 2024, safari hii zaidi kwa sababu ya ukame wa Brazili na Vietnam, bei ya New York ilivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1977. Walioshangilia wakumbuke tu kwamba dola 3 na ushei za mwaka 1977 zilikuwa na nguvu ya zaidi ya dola 15 za sasa.

Nilipoisikia rekodi hiyo nilitazama vihamba vya kwetu, nikaona jambo ambalo halitajwi katika habari za bei. Mibuni imepungua mno. Tangu mkataba wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilikaa chini miaka mingi. Magonjwa yakadai dawa, na dawa ikadai fedha. Miti ilizeeka pamoja na waliyoipanda. Kihamba cha babu kikagawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kikawa kiwanja cha nyumba na migomba michache. Mtu mmoja aling'oa mistari miwili apande mahindi, mwingine akang'oa mitatu apate majani ya ng'ombe wa maziwa, vijana wakashuka Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Hakuna tarehe ya kuandika. Hakuna asubuhi ambayo watu waliamka wakakuta shamba limekuwa jeusi.

Paraná ilipoteza kahawa yake kwa usiku mmoja, sisi tunaipoteza kwa miaka 30 na zaidi, bila jalidi hata moja. Ndiyo maana ninaposikia ikisemwa kwamba hali ya hewa imegeuka ghafla na kuwaondoa watu makwao, huwaonea huruma kwa moyo wote, kisha huuliza swali la pili: kabla ya usiku huo nani alikuwa amekwisha kuamua kwamba watu hao hawahitajiki tena? Mara nyingi jibu lipo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na lina tarehe ya zamani kuliko ile ya baridi.